Mgeni Doha: Ayaonayo Mtafuta Kazi Siku za Kwanza

Wahenga walisema tembea uone, na tena wakasema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi sijatembea. Mbali zaidi nilikofika ni Eldoret, tulipokwenda mashindano ya mashairi. Hata hivyo, katika kurasa hizi za jarida la Chama chetu cha Kiswahili ningependa kuwaeleza, wanafunzi wenzangu pamoja na walimu wetu wapendwa, mambo ambayo mtu huyaona siku za kwanza anapofika katika jiji la ugenini kutafuta riziki. Jiji lenyewe ni Doha, mji mkuu wa Qatar.

Kwa nini Doha? Muhula uliopita mwalimu wa ushauri alituuliza darasani kila mmoja angependa kufanya nini akimaliza kidato cha nne. Wapo waliosema udaktari, wapo waliosema ualimu. Kule nyuma wavulana wanne wakajibu kwa pamoja, "Qatar!" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Kaka yangu mkubwa yuko huko, na pesa zangu za shule zinatoka huko. Nikaona si vizuri watu wakalitaja jina la mji kama wanaotaja mahali pa sherehe, ilhali hawajui mgeni anapokewa vipi.

Kaka aliondoka hapa kwetu Kitale mwezi wa Julai 2023 kwenda kuwa mlinzi, yaani soja wa langoni. Alipokuja likizo Agosti 2025 nilimkalisha chini na daftari langu nikamhoji kama mwandishi wa habari. Haya ninayoyaeleza mengi ni yake. Mengine, kama vile sheria na hesabu za nchi, nimeyatafuta mwenyewe.

Kwanza nianze na safari. Basi la usiku kutoka Kitale hadi Nairobi lilichukua saa nane. Ndege kutoka Nairobi hadi Doha ilichukua saa tano na kitu. Kwa hivyo, msomaji, Doha ni karibu kuliko unavyodhani, ukihesabu saa. Tena saa za huko ni sawa na zetu. Ikiwa ni saa mbili asubuhi Kitale, ni saa mbili asubuhi Doha. Kaka anasema alipoiangalia saa yake pale uwanjani na kukuta haina haja ya kurekebishwa, alijipa moyo kwamba hajafika mbali. Ukimhesabia gharama lakini, alikuwa amefika mbali sana. Mtamba wetu alikuwa ameuzwa, na mama alikuwa amekopa kwenye chama chao cha akina mama. Deni lilikuwa shilingi 120,000.

Anayempokea mgeni wa kwanza kabisa ni joto. Ndege ilitua saa tisa usiku. Ndani ya uwanja kulikuwa na baridi ya mashine, kaka akavaa jaketi. Milango ikafunguka, akatoka nje. "Nilidhani nimesimama nyuma ya injini ya ndege," aliniambia. "Nikasonga kando. Kumbe ni hewa tu, na ni usiku!" Mimi ningemfananishia na mtu anayefunua sufuria ya githeri inayotokota kisha akainamisha uso. Sisi wa Kitale tunaovaa sweta mpaka saa nne asubuhi hatulijui joto hilo.

Mwalimu wetu wa Jiografia alinisaidia kuelewa sababu yake. Qatar ni rasi ya jangwa iliyojitokeza ndani ya Ghuba. Maji ya Ghuba hiyo hayana kina kirefu, hivyo wakati wa kiangazi hupata moto sana na kutoa mvuke mwingi. Hewa ikishajaa mvuke, jasho halikauki mwilini, na mtu huona kama anapikwa. Mchana wa Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100, wakati hapa kwetu hupita 1,000. Nchi hiyo haina hata mto mmoja wa kudumu, na karibu maji yote ya kunywa hutokana na maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi kwa mitambo. Kaka, mtoto wa mkulima wa mahindi, alitumia juma zima akitafuta kwa macho mahali palipo na udongo mweusi. Hakupaona.

Kwa sababu ya joto hilo, sheria inakataza kazi ya nje, mahali pa jua kali, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Saa hizo ziliongezwa mwaka 2021. Mwenye kwenda huko na aijue sheria hii kabla hajapanda ndege.

Jambo la pili ni taa. Gari la kampuni liliwapitisha kando ya bahari, barabara iitwayo Corniche, ambayo ina urefu wa kilomita 7 hivi. Ng'ambo ya maji waliona majumba marefu ya West Bay yakimetameta kama yamepakwa mafuta. Katika gari hilo walikuwa vijana kumi na mmoja wa nchi mbalimbali, na wote walinyamaza kimya. Kisha, kama walioamrishwa, wakatoa simu na kuanza kupiga picha. Magari yalikuwa yakipita upande wa kulia wa barabara, nasi tumezoea kushoto, basi kila walipokata kona kaka alifumba macho akingoja kugongwa.

Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Majumba hayo yamejengwa na nani? Hapo zamani Doha ulikuwa mji wa wavuvi na wapiga mbizi waliotafuta lulu baharini. Wapiga mbizi hao walifanya kazi kwa madeni waliyodaiwa na manahodha wao, na wengi walirudi kila msimu ili kulipa deni la msimu uliotangulia. Miaka ya 1930 biashara hiyo ilianguka, Wajapani walipojua kuzalisha lulu kwa kufuga chaza. Mafuta yakaanza kuuzwa nje mwaka 1949, nchi ikapata uhuru mwaka 1971, na baadaye gesi ikaleta utajiri mkubwa. Ndipo watu wa nchi nyingine wakaitwa kuja kujenga. Viwanja tulivyoviona kwenye runinga wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2022, pamoja na treni za chini ya ardhi zisizo na dereva zilizoanza kubeba abiria mwaka 2019, ni kazi ya mikono ya wageni kwa maelfu. Kule Corniche kuna sanamu kubwa ya chaza aliyefunguka akionyesha lulu. Kaka alipiga picha pale siku yake ya kwanza ya mapumziko. Picha hiyo mama ameitundika sebuleni, na nitaizungumzia tena.

Jambo la tatu ni watu. Kaka alitarajia kuwakuta Waarabu tu. Siku mbili za kwanza hakuzungumza na Mwarabu hata mmoja! Dereva alikuwa Mpakistani, mpishi Mhindi wa Kerala, msimamizi Mfilipino, na wenzake chumbani walikuwa Wanepali watatu, Mbangladeshi mmoja na Mganda mmoja. Maelezo yake ni haya. Qatar ina watu takriban milioni 3, na zaidi ya asilimia 80 ni wageni waliokuja kufanya kazi. Nchi yenyewe ni ndogo, haifiki nusu ya Kaunti ya Kitui. Kwa hivyo mfanyakazi huishi miongoni mwa wageni wenzake, na lugha zao ni Kiingereza cha kuokoteza, Kihindi, Kinepali na nyinginezo. Asiyejua lugha hizo huzungumza kwa mikono.

Sasa nije kwa jambo linalotuhusu sisi wanachama. Je, Kiswahili kilimsaidia? Kilimsaidia, na kilimponza pia. Siku ya tatu alikwenda dukani akamsikia mwenye duka akihesabu pesa kwa Kiarabu, na ghafla masikio yake yakazibuka. Sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, hamsini, mia, elfu! Hizi zote tulizichukua kwa Waarabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni zetu wenyewe za Kibantu, kwa hivyo hapo alipotea. Lakini bei ya hamsini hakuna aliyeweza kumdanganya. Saa, dakika, sukari, samaki, sabuni, kahawa na dawa vilevile aliyatambua, ingawa wenzetu wanayatamka kwa namna yao. Hata siku ya Alhamisi aliielewa. Khamis kwa Kiarabu ni ya tano, kwa kuwa wao huhesabu kutoka Jumapili. Sisi tulihesabu kutoka Jumamosi tukapata Jumatano, kisha tukaazima Alhamisi yao. Kwa hivyo katika juma letu tuna siku za tano mbili zinazofuatana! Nani kati yetu alikuwa amelitambua hilo?

Kuponzwa kulikuja hivi. Mzee mmoja mwenye nyumba alimnyoshea kikombe cha kahawa akamwambia, "Tafaddal." Kaka akadhani anaombwa kitu, maana sisi tukisema tafadhali tunaomba. Akasimama akiangalia kile kikombe, hajui akipeleke wapi. Kumbe kwao neno hilo husema mwenye kutoa: karibu, chukua. Mzee akacheka, akarudia, na kahawa ikanywewa.

Neno la pili lilimwuma zaidi. Juma la kwanza kila mtu alimwita "rafiq." Kaka alifurahi. Alituma ujumbe wa sauti nyumbani akisema, "Watu wa huku ni wazuri, kila mtu ananiita rafiki." Baada ya siku chache akatambua kwamba pale mjini ndivyo wengi wanavyomwita kibarua yeyote wasiyemjua jina, awe mfagiaji au mbeba mizigo. Ni kama sisi tunavyomwita mtu "wee kijana" au "boss" kwenye steji ya matatu. Si tusi, lakini pia si urafiki. Aliniambia, "Siku niliyojua maana yake ndiyo siku niliyofika Doha."

Jambo la nne ni chumba. Baada ya taa zile zote gari halikusimama West Bay. Liliendelea hadi eneo la viwanda nje ya katikati ya mji, ambako barabara nyingi huitwa kwa nambari. Huko kuna maghala, gereji na mabweni ya wafanyakazi. Chumba kilikuwa na vitanda vya ghorofa vitatu, watu sita, dirisha moja na mashine ya kupoza hewa iliyonguruma usiku kucha. Kitanda cha kaka kilikuwa cha juu, karibu na mashine. Kwa hivyo mchana alitokwa jasho, usiku alitetemeka. Wanafunzi wa bweni mtaniambia hayo ni ya kawaida. Lakini ninyi mnafunga shule mwezi wa nne, wa nane na wa kumi na moja.

Yule Mganda ndiye aliyemwonyesha mahali pa kuweka viatu, foleni ya bafu inaanza saa ngapi, na mahali pa kupata chai ya maziwa yenye iliki, inayoitwa karak. Kaka anasema kikombe cha kwanza cha karak nusura kimtoe machozi, kwa sababu kilikuwa na ladha ya nyumbani. Ugali hakuuona. Wali asubuhi, wali jioni.

Jambo la tano, ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote, ni karatasi. Siku ya pili, hajalala vya kutosha, kaka aliitwa ofisini akapewa mkataba atie sahihi. Hapa Kenya wakala alikuwa amemwahidi mshahara wa riyali 1,800 kwa mwezi. Mkataba ule ulisema 1,200. Riyali moja kwa sasa ni takriban shilingi 35 za Kenya, basi wewe piga hesabu: shilingi 63,000 ziligeuka zikawa 42,000. Aliuliza, akaambiwa, "Ukikataa, rudi kwenu." Arudi na deni la shilingi 120,000 na mtamba ameshauzwa? Akatia sahihi.

Hapo ndipo ninapotaka wenzangu wa kule nyuma ya darasa wanisikize. Kisheria, tangu Machi 2021 mshahara wa chini kabisa Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi. Mwajiri asipotoa malazi huongeza riyali 500, na asipotoa chakula huongeza 300. Saa za kazi ni 48 kwa juma, na zikizidi zilipwe zaidi. Tangu mwaka 2020 mfanyakazi anaweza kubadilisha mwajiri bila kuomba ruhusa ya yule wa kwanza. Sheria ya mwaka 2015 nayo inamtaka mwajiri amrudishie mfanyakazi pasipoti yake baada ya taratibu za ukaaji kukamilika, isipokuwa mfanyakazi mwenyewe aombe kwa maandishi iwekwe. Kaka hakuyajua haya yote siku ile. Pasipoti yake ilikaa ofisini miezi minne, kwa sababu tu hakujua kwamba angeweza kuidai. Alipoidai, alipewa.

Hapa kwetu nako kuna sheria. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya mawakala walio na leseni, na yeyote anaweza kuikagua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nchi za nje uthibitishwe na afisa wa leba kabla mtu hajasafiri. Wakala wa kaka alimwambia, "Hayo mambo ya ofisi yatakuchelewesha." Ukisikia mtu akikuambia hivyo, kimbia.

Sasa nirudi kwenye ile picha ya sebuleni. Kaka akiwa amesimama kando ya lulu, miwani ya jua usoni, anatabasamu. Majirani walipoiona walisema, "Huyo ameomoka!" Mama akaanza kuulizwa mikopo. Na mimi, naona haya kulisema lakini nitalisema, siku ya nane tangu aondoke nilimtumia ujumbe nikimwomba viatu vya michezo vyeupe.

Wakati huo hakuwa na senti. Kwanza mgeni hupimwa damu na kifua, huchukuliwa alama za vidole, kisha hungoja kitambulisho cha ukaaji. Kwake hayo yalichukua wiki nne, na mwajiri wake hakumpanga zamu mpaka yakamilike. Alianza kazi Agosti, na mshahara wa kwanza ukaingia mwanzoni mwa Septemba. Muhula wa tatu ulipofunguliwa nilihitaji pesa za chakula cha mchana shuleni. Zilikuja. Nilikula githeri ile nikijisifu kwamba kaka yuko ng'ambo. Ni Agosti 2025 tu alipoketi nami na daftari ndipo aliponiambia kwamba alizikopa kwa yule Mganda, riyali 250, na kwamba kwa majuma matatu alikuwa akila mlo mmoja ili alipe haraka.

Nilimwuliza, "Mbona hukusema?" Akajibu, "Ningesema vipi, na mmeshatundika picha?"

Mficha maradhi kilio humfichua. Lakini nimefikiri sana, na nimeona kwamba kosa halikuwa lake peke yake. Mgeni huona taa kwanza, akazipiga picha, akazituma. Sisi tuliobaki tunaipokea ile picha ya dakika moja na kudhani ndiyo maisha ya mwaka mzima. Halafu tunaomba vitu kulingana na picha. Yeye naye anaona aibu kuifuta. Hivyo ndivyo uwongo unavyojengwa na watu wawili wanaopendana, pasipo hata mmoja kusema neno la uwongo.

Kwa hivyo maelezo yangu yana pande mbili. Wewe unayetarajia kwenda, soma mkataba kabla ya kuuza ng'ombe, uthibitishwe, bakisha nakala moja nyumbani, na uwaambie wazazi mapema kwamba miezi miwili ya kwanza haina pesa. Na sisi tunaobaki, tumwulize aliyekwenda kama amelala na kama amekula, kabla ya kumtajia viatu.

Kaka alirejea Doha Septemba 2025. Deni limekwisha, na ng'ombe mwingine amenunuliwa. Juzi alinitumia ujumbe kwamba kijana mpya kutoka Bungoma amefika chumbani mwao, akapewa kitanda cha juu karibu na mashine. Kaka alimpa blanketi na kikombe cha karak. Kisha akamwambia, kabla hajapiga picha ya kitu chochote, ampigie mama yake amweleze kitanda kilivyo.

Kwa hayo machache natia nanga. Viatu vyeupe sikununuliwa, na sivitaki tena.